KIMPA VITA, BINTI ALIYEWARUDISHA WATU MJINI



Kila tunapotoa toleo la kumbukumbu, huwa tunaweka maisha ya mtu mmoja wa zamani. Mwenye matoleo ya nyuma na ayatazame: wote ni wanaume, yaani wafalme, majemadari na viongozi wa uhuru. Safari hii akina mama wa kamati walikataa. Walisema kwamba hata kwenye foleni ya mgawo wanawake ndio wengi, lakini kwenye karatasi hizi hawaonekani kamwe. Hoja hiyo haikuwa na jibu, ikabaki tu kuchagua ni nani. Tulibishana vikao viwili. Mwisho tukakubaliana juu ya Kimpa Vita, ambaye Wareno walimwita Dona Beatriz. Wenzetu waliotoka Kinshasa na mkoa uliokuwa ukiitwa Bas-Congo wanalijua jina hilo tangu utoto. Sisi tuliotoka mashariki, na wale wa nchi nyingine, wengi wetu tulikuwa hatujalisikia hata mara moja.

Alikuwa msichana wa miaka 20 tu. Nchi yake ilikuwa na vita karibu miaka 40, mji mkuu umekuwa pori, watu wamekimbilia milimani, na kila mfalme anasema watarudi mjini mambo yakitengemaa. Yeye hakungoja. Alirudi, na watu wakamfuata kwa maelfu. Miaka miwili baadaye alichomwa moto.

NCHI ILIYOVUNJIKA

Ufalme wa Kongo wa kale haukuwa Kongo hii tunayoijua leo. Kiini chake kilikuwa kaskazini ya Angola ya sasa na sehemu za magharibi za Kongo zote mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville. Mji mkuu uliitwa Mbanza Kongo, juu ya kilima, na Wareno wakaupa jina la São Salvador. Meli za kwanza za Wareno zilifika mlangoni mwa mto Kongo mwaka 1483. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu akabatizwa. Tunalisema hili kwa sababu wageni wengi hudhani kwamba Ukristo uliingia Afrika ya kati na wakoloni wa miaka ya 1880. Kimpa Vita alipozaliwa, watu wa Kongo walikuwa wamekaa na dini hiyo karibu miaka 200, wana makanisa yao, walimu wao na majina yao ya ubatizo. Kwao haikuwa dini ya kigeni tena.

Mambo yaliharibika tarehe 29 Oktoba 1665, penye vita vya Mbwila. Jeshi la Wareno wa Luanda lilipambana na jeshi la Kongo, na mfalme António akauawa pamoja na wakubwa wake wengi. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Luanda. Mfalme akishakufa namna hiyo, na warithi wengi wakiwa wamekufa naye siku moja, kila ukoo ukadai kiti. Nyumba mbili kubwa, Kimpanzu na Kinlaza, zikapigana, kisha zenyewe zikagawanyika ndani. Mwaka 1678 mji wa Mbanza Kongo ulivamiwa ukaharibiwa. Watu wakautoka. Nyasi na miti ikaota ndani ya kanisa kuu, na wanyama wa porini wakafanya makao mitaani.

Kulikuwa na jambo baya kuliko vita yenyewe. Pwani zilikuwa zinangoja meli za Waingereza, Waholanzi, Wafaransa na Wareno. Kila mkubwa aliyeshinda vita aliuza mateka wake, akapata nguo, bunduki na baruti, kisha akarudi vitani kutafuta mateka wengine. Aliyeshindwa alifanya vilevile kwa jirani aliye mdogo kuliko yeye. Mtu alilala kijijini kwake, na baada ya miezi michache akajikuta Brazili au visiwani Karibi, hana hata wa kumwuliza njia. Vita vilikuwa vimegeuka kuwa biashara, na wakubwa wenye biashara hiyo hawakuwa na haraka ya amani. Wasomaji wetu wanaojua habari za migodi hawahitaji tuwaeleze zaidi.

BINTI WA KIBANGU

Kimpa Vita alizaliwa mwaka 1684, karibu na mlima Kibangu, mashariki ya mji mkuu ulioachwa. Wazazi wake walikuwa wa tabaka la wakubwa, lakini wakubwa wadogo, wasio na mali wala jeshi. Juu ya mlima huo alikaa mmoja wa wafalme waliogombea kiti, Pedro wa Nne. Wengine walikaa kwingine. João wa Pili alikuwa Mbula, upande wa mto Kongo. Malkia Ana Afonso de Leão, mama mzee mwenye akili nyingi za siasa, alikuwa na watu wake upande wa Nkondo. Yeye peke yake anastahili toleo zima, na tutamrudia Mungu akipenda.

Tangu utoto Kimpa Vita alionekana kuwa na karama. Alifundishwa kazi ya nganga marinda, yaani mganga anayeendewa na watu wenye shida za magonjwa, ugomvi na husuda, akawasiliana na ulimwengu usioonekana ili kupata jibu. Baadaye akaiacha kazi hiyo, kwa kuwa katika nyakati zile za hofu ilikuwa rahisi mganga kuonekana mchawi. Aliolewa mara mbili angali kijana, na ndoa zote mbili hazikudumu.

Hakuwa wa kwanza kusema. Kabla yake kulikuwa na bibi mzee, Apollonia Mafuta, aliyetembea akihubiri kwamba Mungu amekasirika kwa sababu mji umeachwa na mfalme hataki kushuka mlimani. Alionyesha jiwe alilolikuta mtoni, akasema ni kichwa cha Yesu kilichoharibiwa kwa majembe na visu vya watu waovu. Wengi walimwona kama kichaa. Wengine walimsikiliza. Kimpa Vita alipoanza, Mama Mafuta alimkubali na kumtangaza mbele za watu, na tunaona hili ni jambo kubwa, kwa maana wazee wengi wangemwonea wivu kijana.

UGONJWA WA MWAKA 1704

Mwezi wa Agosti 1704 Kimpa Vita aliugua sana. Katika ugonjwa huo aliona mtu aliyevaa kanzu ya mapadre Wakapuchini, akajitambulisha kuwa ni Mtakatifu Antonio. Mtakatifu huyo alipendwa mno nchini Kongo. Kimpa Vita alieleza kwamba yeye mwenyewe alikufa, na Antonio akaingia kichwani mwake badala ya roho yake. Alipopona aligawa vitu vyake vyote, akapanda mlima Kibangu kumwendea mfalme.

Ujumbe wake kwa mfalme ulikuwa mfupi: ashuke, arudi Mbanza Kongo, nchi iwe moja. Asipofanya hivyo, Mungu ataadhibu.

Hapa ni lazima tuseme kidogo juu ya mafundisho yake, ingawa tunajua kambini mwetu mna mapadre, wachungaji na masheikh, na kila mmoja ana haki ya maoni yake. Kamati haihukumu. Kimpa Vita alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo na kubatizwa Nsundi, jimbo la kaskazini ya ufalme, na kwamba Mariamu alikuwa mtu wa Kongo, mamake akiwa mtumwa wa mkubwa mmoja wa nchi. Alilalamika kwamba makanisani mna sanamu za watakatifu weupe tu, kana kwamba Kongo haikuwahi kuwa na mtakatifu. Alisema kwamba Mungu hutazama nia ya mtu, na kwamba sala na sakramenti bila nia hazifai kitu. Aliamuru hirizi zichomwe, na misalaba pia, kwa sababu msalaba ndio uliomwua Yesu. Wafuasi wake aliwapa sala mpya, aliyoitengeneza kutokana na sala ya Kilatini ya Salve Regina iliyosomwa makanisani.

Mwenye kupenda na akubali, asiyependa na akatae. Ila tunaomba msomaji afikirie fundisho lile la mama wa Mariamu kuwa mtumwa lilisikikaje masikioni mwa mtu ambaye dada yake aliuzwa juzi.

Pale Kibangu alikuwapo padre Mkapuchini kutoka Italia, Bernardo da Gallo. Alimwita akamhoji muda mrefu, akaona ni uzushi, akamtaka mfalme amkamate. Mfalme Pedro hakutaka. Historia imemwona Pedro kama mtu mwoga, lakini sisi tunamwelewa kidogo. Alikuwa katikati. Akimkamata binti huyo, watu wake wangemwacha. Akimkubali, angewapoteza mapadre, na bila padre hakuna mfalme wa Kongo aliyeweza kutawazwa kwa desturi ya nchi. Basi akafanya kile ambacho wakubwa wengi hufanya: akanyamaza, akangoja mambo yapite.

Kimpa Vita hakukaa kumngoja. Alikwenda Mbula kwa yule mfalme mwingine, João, akamwambia maneno yaleyale. João alimfukuza. Hapo ndipo tunapomwona mtu wa kweli. Wafalme wawili wamekataa, padre amemwita mzushi, yeye ni mwanamke wa miaka 20 asiye na askari hata mmoja. Aligeuka akaelekea Mbanza Kongo moja kwa moja.

MJI ULIOJAA TENA

Aliingia mjini kabla mwaka 1704 haujaisha, akafanya makao yake kwenye magofu ya kanisa kuu. Habari zikaenea haraka kuliko tarishi wa mfalme. Watu walikuja kutoka kila upande, wengi wao wakulima wa kawaida, wale waliokuwa wamechoka kuvuna wakiwa wameweka mtu mmoja mlimani kuangalia kama askari wanakuja. Walifyeka majani, wakajenga vibanda, wakalima. Mtu anayejua maana ya kujenga kibanda penye pori ataona picha hiyo bila sisi kuichora.

Wanawake walikuja kwa wingi. Wasiopata watoto walimwendea awaombee, na wengi walikaa hukohuko. Ilisemwa kwamba alipopita, miti iliyoanguka ilisimama. Wakubwa waliokuja kumsalimu walishindania heshima ya kumtandikia ncha za majoho yao pale alipokula. Kila Ijumaa, kwa maneno yake, alikufa na kwenda mbinguni kula na Mungu na kuwaombea watu wa Kongo, na Jumamosi akarudi. Wafuasi wake walijulikana kwa vitambaa walivyotengeneza kwa gome la mti wa nsanda, gome linalopondwa mpaka likawa laini kama nguo. Kabla ya hapo, mkubwa alijulikana kwa nguo za Ulaya zilizonunuliwa kwa watu. Sasa alama ya heshima ilitoka kwenye mti wa nyumbani, na maskini aliweza kuivaa.

Kutoka mjini aliwatuma wajumbe walioitwa Antonio wadogo, waende majimbo yote wakahubiri umoja. Mahali pengine walipokewa, pengine walifukuzwa au kukamatwa. Wakubwa wa Soyo, kule pwani, walikuwa miongoni mwa waliowakataa.

Hapa tuseme na upande wa pili, maana toleo hili si la kusifu tu. Mfalme Pedro alikuwa amekwisha kutuma makundi ya watu chini ya wakuu wake, wapige kambi njiani na kuufungua mji polepole. Mkuu mmoja aliitwa Pedro Constantinho da Silva, maarufu kwa jina la Kibenga. Mtu huyo aliona umati ulioko kwa Kimpa Vita, akaona nafasi yake. Alimwasi mfalme, akajiunga na Waantonio. Tangu siku hiyo, kundi lililoanza kwa sala na majembe likawa na bunduki ndani yake. Kimpa Vita alimpokea Kibenga. Labda hakuwa na njia nyingine ya kuulinda mji, lakini ni hapo mfalme Pedro alipopata sababu ya kumwona adui wa kiti na si mhubiri tu. Wale kati yetu walioona kambi ikiingiwa na watu wenye silaha usiku, wakijifanya wakimbizi, wanajua jinsi mambo hubadilika.

MTOTO

Kimpa Vita alikuwa na mwanamume mmoja wa karibu, João Barro, ambaye kati ya Waantonio aliitwa Mtakatifu Yohana. Alipata mimba yake. Kwa mwanamke ambaye watu wote walimwona kuwa ni Antonio mwenyewe, hilo lilikuwa fedheha kubwa. Asingeweza kuificha. Aliuacha mji kimya, akaenda upande wa kwao kujifungua.

Wanaume wa kamati yetu walitaka sehemu hii ipunguzwe. Akina mama walisema iandikwe kama ilivyo. Mwenye kuongoza maelfu alijifungua mafichoni kwa kuogopa maneno ya watu. Hakuna kifungu katika maisha yake ambacho wao walikielewa upesi kuliko hicho.

Watu wa mfalme wakamkuta huko, yeye, João Barro na mtoto mchanga. Wakapelekwa Evululu, mahali mfalme Pedro alipokuwa amepiga kambi akiwa njiani kwenda mji mkuu. Alihukumiwa na baraza la mfalme, kwa sheria ya Kongo, kwa kosa la uzushi na uchawi. Padre Bernardo alikuwapo, pamoja na mwenzake Lorenzo da Lucca, naye Mkapuchini wa Italia. Husemwa mara nyingi kwamba mapadre ndio waliomchoma. Ukweli ni kwamba hukumu ilitolewa na mfalme na baraza lake. Lakini ni mapadre waliosukuma jambo hilo tangu mwanzo, na hawakusimama kulizuia lilipofika mwisho. Walichoomba ni mtoto asichomwe pamoja na mama yake. Mfalme akakubali.

Tarehe 2 Julai 1706 walitolewa mbele ya watu. Kimpa Vita alikuwa amembeba mtoto mikononi. Padre Lorenzo, ambaye ni shahidi na hakuwa rafiki yake, aliandika kwamba alionekana amejaa hofu. Alitakiwa akane mafundisho yake hadharani, na alijaribu kufanya hivyo, lakini kelele za umati zilikuwa nyingi mno hata hazikuwezekana. Kisha wakatupwa motoni, yeye na João Barro. Asubuhi iliyofuata watu walirudi wakachoma tena mifupa iliyobaki, hata ikawa majivu laini, pasibaki kitu cha kuokota na kuweka kumbukumbu.

Kuhusu lile la kutaka kukana, tulijadili sana. Mzee mmoja alisema tuliache, kwa kuwa litawavunja moyo vijana. Vitabu vingi vinavyomsifu havilitaji. Sisi tumeamua kuliandika. Alikuwa na umri wa miaka 22, ana mtoto mchanga mikononi, na kuni ziko mbele yake. Ushujaa wake tunaujua tayari: ni ile safari kutoka Mbula kwenda Mbanza Kongo baada ya wafalme wawili kumkataa. Hakuna aliyemlazimisha kuifanya. Moto wa Evululu haukumpa nafasi ya kuchagua kitu.

Tena msomaji akumbuke kwamba karibu yote tuliyoyaandika hapa yametoka katika barua na taarifa za mapadre hao wawili. Yeye mwenyewe hakuacha hata ukurasa mmoja. Tunamjua kwa midomo ya waliotaka anyamaze. Hata hivyo, hao hao ndio waliotuambia juu ya umati, juu ya miti kusimama, juu ya wakubwa na ncha za majoho yao. Mtu asiye na maana hapewi kurasa nyingi hivyo na adui zake.

BAADA YAKE

Waliodhani majivu yatamaliza jambo walikosea. Wafuasi walivumisha kwamba ameonekana tena, na mji wa Mbanza Kongo ukabaki mikononi mwa Waantonio pamoja na Kibenga kwa karibu miaka mitatu zaidi. Tarehe 15 Februari 1709 jeshi la mfalme Pedro liliuvamia na kuuteka. Kibenga aliuawa. Mateka walikuwa wengi, na kwa desturi ile mbaya tuliyoieleza, mateka waliuzwa. Kwa hiyo baadhi ya watu waliorudi nyumbani kwa neno la Kimpa Vita waliishia ng'ambo ya bahari.

Huko hawakupotea kabisa. Mwaka 1739 watumwa waliasi karibu na mto Stono, katika koloni ya South Carolina huko Marekani. Walioanza walikuwa watu wa Kongo, wanaojua bunduki na kutembea kijeshi kwa ngoma na bendera. Wanahistoria wanaeleza kwamba walikuwa askari wa vita vya Kongo kabla ya kuuzwa, Wakristo waliobatizwa kwao. Uasi ulizimwa kwa damu. Katika nchi ya Kongo yenyewe, kwa muda mrefu watu waliendelea kuvaa sanamu ndogo za Mtakatifu Antonio za shaba na pembe, na wanawake wajawazito walizitumia wakiomba kujifungua salama.

Wengi humlinganisha na Simon Kimbangu, aliyehubiri Nkamba mwaka 1921 akafungwa na Wabelgiji mpaka alipofariki gerezani mwaka 1951. Walitengana miaka 200, lakini nchi ni ileile na lugha ni ileile. Angola ilipopata uhuru mwaka 1975, jina la São Salvador liliachwa, mji ukarudi kuitwa Mbanza Kongo. Mwaka 2009 chuo kikuu cha serikali kilianzishwa Uíge, nchini Angola, kikapewa jina la Kimpa Vita. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika mji wa Mbanza Kongo katika urithi wa dunia. Kuta za kanisa lile la kale, linaloitwa Kulumbimbi, bado zimesimama, hazina paa.

Na mfalme Pedro? Yule aliyengoja mlimani miaka mingi aliingia mjini baada ya ushindi wa 1709. Aliukuta umefyekwa, una mashamba, una watu. Aliutawala mpaka alipofariki mwaka 1718, akaacha mapatano ya nyumba za kifalme kupokezana kiti. Wafalme waliomfuata wakakaa humohumo, na mji haukurudi tena kuwa pori.